Bei ya mikoko

Wewe, uko wapi? Pokea simu basi! Nimejifungia chooni hapa chuoni.

Nimetoka kutoa mhadhara wangu wa uprofesa. Si unajua miaka yote hii nimekesha nikipiga hesabu ya thamani ya mikoko ya kule kwa mama, ili wawekezaji waione ghali, waogope kuigusa?

Kasimama bwana mmoja wa kampuni ya bandari. Eti, "Profesa, umeturahisishia kazi. Tumeilipa serikali bei ileile uliyoandika. Tumeanza kukata leo asubuhi."

Umeturahisishia! Leo asubuhi! Na ukumbi mzima ukapiga makofi, jamani. Mkuu wangu wa idara ndiye aliyeanza.

Mama alikuwa kiti cha mbele, na gauni lake jipya. Yeye hakupiga. Kanishika mkono, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, kumbe ulikuwa unaiuza?"