Picha Iliyotikisika ya Chumba cha Mihuri

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa jaladani
Umri: miaka 44. Jinsia: Ke
Kazi: mpiga picha, mwenye studio
Makazi: nyuma ya soko kuu, nyumba yenye geti la kijani
Ijumaa tarehe 12, saa 2:40 asubuhi

Mimi ndiye niliyetoa maelezo hapa kituoni Jumatano tarehe 10 kuhusu kupotea kwa sanduku la mihuri ya shaba katika jengo la zamani la serikali. Kwa maelezo yale, mtunza funguo wa jengo, mzee tunayemwita Babu Funguo, yumo mahabusu. Kila nilichosema siku ile kilikuwa kweli. Nimerudi kwa sababu kuna jambo sikulisema.

Kwa miaka sita nimeomba kibali cha kupiga picha sehemu za jengo lile ambazo wananchi hawazioni: handaki, chumba cha mashine ya saa, na chumba cha mihuri chini ya paa. Nimenyimwa mara tatu, kwa barua. Mwezi huu sikuomba. Afisa utawala wa jengo alinipigia simu mwenyewe akasema, "Dada, njoo Jumanne, utafunguliwa kila mlango." Mume wangu alifurahi. Mimi ni mtu wa kushuku. Nikamwambia mlango ulionyimwa miaka sita haufunguki hivihivi. Lakini tamaa ya picha zile ilinizidi, nikaenda.

Mnamo Jumanne tarehe 9, saa 4:00 asubuhi, Babu Funguo alinipokea langoni, na shaka yangu yote nikaihamishia kwake. Alikuwa na haraka, alitokwa jasho, na kila tulipopanda ngazi aligeuka nyuma. Tulifika chumba cha mihuri saa 7:15 mchana. Aliingia kwa kusitasita. Alisema, "Mwanangu, piga twende. Siku hizi panya wa humu wanavaa viatu." Nilicheka, kisha nikajisemea mzee huyu ananitisha ili nisione kitu. Hayo niliyaeleza Jumatano, nawe ukayaandika.

Ambalo sikulieleza ni hili. Chumba kile kina giza, na picha ya gizani huhitaji jicho la kamera likae wazi muda mrefu. Nilisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, ikitazama meza yenye sanduku, nikalifungua jicho kwa dakika nne. Sakafu ni ya mbao. Mtu akipiga hatua moja tu, picha inatikisika. Kwa hiyo nilimtoa Babu Funguo, nami nikatoka, nikavuta mlango, tukasimama nje bega kwa bega. Yeye alikumbatia kishada cha funguo kwa mikono miwili ili zisilie, kwa sababu nilikuwa nimemwambia zisilie. Hakuondoka hata hatua moja. Tuliporudi ndani alinihimiza, nikakusanya vifaa upesi bila kuangalia meza, akafunga.

Jioni nilizitazama picha kwenye kompyuta nyumbani. Ile ilikuwa imetikisika. Miaka ishirini na mbili kazini, picha niliyoililia miaka sita, na imetoka kama ya mtu anayejifunza! Nilidhani sikukaza vizuri miguu ya kamera. Uliponiuliza Jumatano kama picha zote zimetoka sawa, nilisema ndiyo, kwa sababu fundi haonyeshi kazi iliyoharibika. Kwa aibu yangu hiyo mzee wa watu amelala sakafuni siku mbili.

Jana Alhamisi, saa 9:20 alasiri, afisa utawala alinipigia tena. Alisema, "Dada, niletee zile nzuri tu. Hiyo iliyotikisika ifute, isije ikakuharibia jina." Nikamjibu sawa. Nilipoweka simu chini ndipo nikajiuliza amejuaje. Picha ile hakuna mtu aliyeiona, hata mume wangu.

Niliifungua tena, nikaikuza. Sanduku lipo mezani, lakini ukuta wa nyuma unaonekana kupitia katikati yake. Hutokea hivyo kitu kikikaa mbele ya kamera nusu ya muda, kisha kikaondolewa. Kushoto kwa meza, mlango wa kabati kubwa unaonekana kama ulifunguliwa. Picha niliyopiga tulipoingia inauonyesha umefungwa. Sijui nyuma ya kabati lile kuna nini. Najua tu kwamba chini yake ndipo ilipo ofisi ya afisa utawala.

Babu Funguo alikuwa begani kwangu dakika zote nne. Nilimhukumu kwa jasho lake, kumbe mzee alikuwa anaogopa alichokuwa anakisikia. Namwomba radhi, na naomba neno hilo liandikwe kama nilivyolisema.

Hayo ndiyo niliyoyaona pamoja na niliyoyaficha. Nimesomewa, nimekubali kuwa ni sahihi.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya afisa wa polisi: Nimeandika haya kama shahidi alivyoyatoa. Nimepokea kadi ya kamera yenye picha 61. Iliyotajwa ni ya 47. Saa 5:10 asubuhi kabati lilisogezwa. Nyuma yake kuna ngazi nyembamba inayoshuka, na kwenye vumbi lake kuna nyayo za viatu. Afisa utawala ameitwa kituoni. Mtunza funguo ameachiwa saa 6:30 mchana. Shahidi alikuwa akimsubiri kwenye benchi, ingawa nilimwambia mapema kwamba anaweza kwenda nyumbani. Mzee alimwuliza, "Mwanangu, picha zilitoka?" Shahidi alijibu, "Moja ilitikisika, Babu."