Maneno ya Awuor Chini ya Barua Yangu

Mshauri mpendwa, sikuandikii nipone, madaktari wamekwisha kusema yao, naomba tu unisaidie nisife na jambo hili kifuani. Nilifundisha Eastlands hapa Nairobi hadi nikastaafu, na tangu mwaka jana, 1998, nimekuwa nikiwalea walimu wapya kupitia kundi la barua pepe, wao wanaandika shida za darasani, sisi wazee tunawajibu, na binti yangu Marion hunipeleka kwenye kompyuta za kulipia za Kariokor maana hapa Ziwani hatuna. Mwalimu Awuor, ambaye bado yuko kwenye majaribio ya kazi, aliniandikia mimi peke yangu kwamba mkuu wa shule yake humwachia darasa la saba analopaswa kulifundisha yeye mkuu kisha hujiandika kuwa ndiye aliyefundisha, na kwamba mwingine anayejua ni mwenzake wa kundini Javan tu, nami kwa kuwa mkuu huyo alikuwa mwanafunzi wangu nikaona nimnong'oneze amhurumie Awuor, nikaandika mistari miwili ya upole pale juu ya barua ile ile ya Awuor nikamtumia, bila kujua kwamba maneno yote ya Awuor yanakwenda nayo. Marion alinionyesha baadaye. Sasa mkuu anatishia kuandika ripoti ya kumfukuzisha kazi, hasemi alijuaje, na Awuor alipokuja kunijulia hali aliketi kando ya kitanda akasema, "Mwalimu, ni Javan ameniuza. Na vile nilikuwa namwita ndugu."

Nikamjibu, "Vijana wa siku hizi, mama. Chunga sana."

Javan ametukanwa kundini mpaka ameacha kuandika. Je, niseme, au niondoke wakinikumbuka kwa wema?

Luseno, Ziwani

Mzee Luseno, pole kwa maradhi, na pole yangu inaishia hapo. Kutojua kompyuta si dhambi, hata sisi hapa ofisini tumewahi kutuma mambo kusikotakiwa. Lakini ile "chunga sana" ilitoka kinywani mwako. Mtoto aliyenyamaza mwenzake akichapwa kwa kosa lake, darasani kwako ulimwitaje?

Unahangaikia sifa zako, naye Awuor anapoteza kazi. Mwite leo, mwambie ana kwa ana, na akikasirika usimkatize. Kuumwa kwako hakumlazimishi kukusamehe. Kisha waandikie kundi zima kwamba Javan hakusema lolote, na Marion aanze ukurasa mtupu, neno la Awuor lisiingie humo hata moja. Awuor akikubali, iandikie ofisi ya elimu kabla ripoti haijafika, ueleze kwamba vitisho vilianza baada ya barua yako, utie sahihi.

Walimu wengine wa shule ile watamwogopa mkuu. Wewe huna kazi ya kufukuzwa, mzee. Hana la kukutisha nalo. Andika.