Hotuba ya chef kwa kilio ya Muzee Mugisho

Nsimire, usinipigie. Niko najificha nyuma ya jikoni ya Maman Bibiane. Nimeharibu kilio ya bwana yake, Muzee Mugisho 😭

Unajua chef wetu wa quartier, ule mukubwa wa mutaa. Hakukaaka hata siku moja kusikiliza hadisi za Muzee Mugisho, hata ile ya kiboko yenye iliulizwa karatasi ku mupaka ya Kamanyola. Alisema ni uongo. Leo asubuhi ananiambia: "Ornella, niandikie hotuba. Batu bajue Muzee alikuwa rafiki yangu sana."

Nikaandika. Na juu ninamujua, nikamuwekea mashauri mu mabano.

Hakuisoma mbele ya kuitoa!! Akasimama karibu ya sanduku ya maiti, padiri pembeni, na sauti kubwa: "Muzee alilea watoto wetu kwa hadisi. Hapa unyamaze kidogo, upanguze macho."

Alisoma ile!! UPANGUZE MACHO!! Na hakupanguza, akaendelea: "Usitazame saa."

Padiri akainamisha kichwa, mabega inatetemeka.

Maman Bibiane, mujane mwenyewe, akasema pole pole: "Papa chef, panguza basi. Tuko tunakungojea."

Batu bote bakalipuka! Maman alicheka mpaka machozi ikatoka, yeye mwenye hakulia tangu juzi.

Na mimi nikacheka, nikageukia sanduku nikijisemea: hii, Muzee atatuhadisia miaka kumi.

Nsimire, ni pale tu nilijua kama amekufa.