Udi wa Kamera

Maisara, shoga, leo nimeaibika kiwandani, wallahi!

Ile kamera ya kukagua pakiti za chai, waya wake umeshikwa na selotepu. Selotepu, Maisara! Mara ngapi nimemwambia bosi Riyadh anunue waya wa kukazwa kwa skrubu? Yeye: "Selotepu yatosha."

Leo wamekuja wanunuzi. Bosi akaamuru mashine ifukizwe udi, kuondoa husda.

Bi Tumu akapita na chetezo, buibui lake likanasa waya, ukachomoka. Kamera giza! Na mashine isipoona hutupa kila pakiti. Zikawamwagikia wageni miguuni.

Miguuni!

Walipoondoka, bosi akaninong'oneza: "Umeiona husda ilivyo kali?"

Kesho anataka vyetezo viwili. Mimi nimekabidhiwa selotepu mpya.