Tundu Mwisho wa Mpasuko

Baba mpenzi,

Assalaam aleikum, na shikamoo. U hali gani? Mkono waendeleaje? Nikimuuliza Mama hunijibu "hajambo, hajambo", lakini yeye hata nyumba ikiwaka moto atasema hatujambo. Nawe nikipiga simu wampa yeye, eti tangu upooze, ulimi nao umekuwa mzito. Haya, nimekuandikia. Barua hii ni yako, usimpe Mama mpaka uimalize.

Mimi huku Kanada ni mzima, ila baridi yanipasua midomo. Kazi ni ileile, karakana ya ndege ndogo. Juzi nilipewa ndege kuukuu ya watu wanne, ya mzee mmoja mpole aliyestaafu. Injini haina neno. Ila zile plastiki za ndani, za kuzunguka mlango na madirisha, jua limezikausha, ukizigusa tu zapasuka. Na mpya hazitengenezwi tena.

Basi nikajitia ufundi! Nikatia gundi kwenye ufa mrefu kando ya mlango, nikapiga msasa, nikapaka rangi, hata usingeuona. Nikajisifu wee. Mwenyewe akaja, akafunga mlango, kha! Ufa ukatokea pale gundi ilipokomea, ukakimbia mpaka kwenye kona ya dirisha. Mzee wa watu akanywea. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Msimamizi wangu, mama mmoja asiyecheka, hakunikemea. Alichukua keekee, akatoboa tundu dogo la duara pale pale ufa ulipoishia. "Ukifika hapa hauendi tena," akasema. "Sasa ndio uzibe." Akanionyesha kuyeyusha vipande vya plastiki ileile kwa dawa inayonuka kama ya kutolea rangi ya kucha, mpaka ikawa uji mzito, tukaupaka kwa nyuma pamoja na kitambaa. Sasa mlango wafungwa kwa kishindo na hapana kilichosogea.

Lakini Baba, alipotoboa lile tundu mimi nilicheka, halafu nikalia. Akashangaa. Nikamwambia babangu ni fundi wa makubadhi, viatu vyetu vya ngozi, kule mtaa wa Ndia Kuu, na tangu utotoni namwona, ukanda ukichanika, kwanza hupiga tundu la duara mwisho wa mpasuko, ndipo hushona. Akaniambia, "Basi ulifunzwa kitambo. Mbona ulisahau?"

Sasa nasikia umefunga duka na wataka kuwagawia watu vyuma vyako vya kazi. Ati wasema fundi wa mkono mmoja hayuko. Yaniuma, wallahi. Mkono wa kushoto si upo? Na Mama si yupo wa kukushikia ngozi? Atanung'unika, lakini atashika.

Barua hii anakuletea mwenzangu wa Kibokoni, anakuja likizo. Ndani ya mfuko atakaokupa mna kubadhi langu la kulia, katika yale uliyonishonea nilipokuwa nasafiri. Ukanda umechanika. Mafundi wa viatu wapo huku, sikuwapa. La kushoto nimebaki nalo, lamngoja mwenzake.

Nisalimie Mama, na Shangazi wa mahamri, na wazee wenzako wa barazani; waambie wasikae mahali pako. Nami msinisahau kwenye dua.

Baba, mwisho wa mpasuko nimeshapiga tundu, hauendi tena. Kushona nimekuachia wewe.

Mwanao akupendaye,
Zuhura