Kitufe Chekundu cha Mtambo Wako

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi. Natumaini mu wazima hapo nyumbani na mtoto ameshapona kikohozi. Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo haijatulia.

Barua yako imenifikia leo Ijumaa jioni. Nilicheka peke yangu kusikia kwamba simu mnayotumia wewe na wifi imezama kwenye sufuria ya bia. Wewe na vitu vya kushika hampatani tangu utotoni. Nikaendelea kusoma, kicheko kikakatika.

Unasema kile kikompyuta cha kupima joto nilichokufungia kwenye mtambo wa kupikia bia kimeingiwa na wazimu, kinakata hita katikati ya mapishi, kwa hiyo sasa unaendesha kila kitu kwa zile swichi za mkono. Swichi hizo niliziunga mwenyewe, na nilikueleza kwamba ukiziweka kwenye "mkono", umeme unakipita kikompyuta pembeni na kwenda moja kwa moja kwenye hita na pampu. Maji yakiisha sufuriani, hakuna wa kuizima hita ila wewe. Tena unasema pampu imeanza kuvujia nyaya, umeifunga kitambaa.

Halafu ukaandika kwa furaha kwamba kesho Jumamosi saa nne asubuhi unapika pipa zima la bia kwa ajili ya ujio wa baba mkwe, na huna wasiwasi, kwa kuwa umemfundisha wifi kusimama karibu na kile kitufe chekundu. Likitokea lolote, abonyeze tu.

Mdogo wangu, kitufe kile hakifanyi kazi. Hakijawahi kufanya kazi hata siku moja.

Siku ile ya kufunga mtambo, kipande chake cha ndani kilipasuka nikikaza skrubu. Nilipanga kutafuta kingine kesho yake. Lakini ulikuwa umeshawaita majirani, unawaambia dada yako ni fundi kuliko wanaume wa mtaa mzima, nami nilikuwa na miezi mitatu bila kazi kwa sababu watu hawamwamini fundi mwanamke. Niliona haya kusema nimevunja kitu. Nikakibandika kitufe mbele, nyuma yake hakuna waya hata mmoja. Ulipotaka kukijaribu, nilikuwa nimeinama nyuma ya kisanduku cha swichi. Wewe ulibonyeza, mimi nikazima kwa ndani. Taa zikazimika, mkapiga makofi, nami nikatabasamu nanyi.

Kesho yake nikasafiri. Tangu hapo nimekupigia mara ngapi ili nikwambie, nikaishia kuuliza habari za mtoto. Leo niko tayari kusema, simu yenu haipatikani, na sina namba ya jirani yenu yeyote.

Ukitaka kuzima, shusha swichi kuu pale kwenye mita, mkono wako ukiwa mkavu. Wifi asiguse kabisa kisanduku kile.

Barua hii naileta mwenyewe. Nimeiandika kwa kuwa najijua. Nikikuona unacheka nitanyamaza tena. Basi la kwanza linaondoka alfajiri. Nimemuuliza mkata tiketi mara mbili, na mara zote mbili amesema haliwezi kufika kwenu kabla ya saa sita mchana.

Nisalimie wifi, umkumbatie mtoto kwa niaba yangu.

Ni mimi dada yako.