Ombi la Kifaransa

Jumapili, Boito

Wiki nzima nimekariri vitenzi vya Kifaransa, hasa ile hali ngumu wanayoiita sabjanktivu ya wakati uliopita, kwa sababu bila kupita mtihani siendi Kanada kuwa nesi. Inanichukiza kuliko majani ya chai yaliyooza guniani.

Leo wageni walikuja kuniombea. Walipomaliza kunywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, Anko akasimama, tumbo mbele. "Sasa msichana wetu atuombee na Kifaransa!"

"Anko, bado najifunza."

"Wacha aibu. Omba!"

Wakafumba macho. Sijui kuomba kwa lugha hiyo hata kidogo. Basi nikakariri kitenzi cha kuondoka, kutoka nafsi ya "mimi" mpaka ya "wao", polepole, kwa sauti ya pasta.

"Amina!" wakaitikia. Anko akapiga makofi. Mtu mzima, machozi machoni, kwa ajili ya kitenzi! Sijui kama ni wao walionichukiza au ni mimi.

Mama peke yake hakuitikia amina. Tulipokuwa tunaosha vikombe akaniambia, "Ile si maombi. Nimekusikia nayo hapa jikoni wiki nzima. Inasema nini?"

"Kuondoka."

Akasuuza kikombe ambacho kilikuwa safi tayari.

"Basi ni vizuri sikusema amina."